Samli Juu ya Mawe ya Bahari ya Kaskazini

Wenzangu mnaobaki kituoni mmeniuliza mara nyingi kwa nini kila mfanyakazi mpya, kabla hajapewa koti jeupe na kabla hajaonyeshwa choo kilipo, hupelekwa kwenye rafu ya tatu, hufunguliwa chupa yenye kizibo, na kuambiwa: "Nusa, kisha andika ulichonusa." Wengi huandika "hakuna." Mmoja wenu, simtaji, aliandika "panya." Nilijibu kila mara kwamba nitaeleza nikistaafu, nikitumaini mtasahau. Hamkusahau. Nimekabidhi funguo mwezi uliopita, sina tena kisingizio, basi nawaandikia.

Nilifika kituoni Hamugembe nikiwa nimemaliza darasa la saba, nina shati moja la kuvaa na moja la kanisani. Kituo kilikuwa nyumba mbili za bati katikati ya migomba ya watu. Kuku wa majirani waliingia mlango wa mbele na kutoka wa nyuma. Kazi niliyoahidiwa ilikuwa kufagia na kuosha vyombo. Sikujua kwamba kuosha vyombo ndiyo kazi yenyewe, na kwamba kufagia ndiyo mapumziko.

Mkuu wa kituo alikuwa Ta Byabato. Sisi Wahaya tukimwita mtu "Ta" tunamweka mahali pa baba, na yeye pale palimfaa. Alikuwa amesoma elimu ya miamba miaka mingi katika nchi moja ya baridi kali, akarudi na suti mbili, mke ambaye hakukaa sana duniani, na sanduku la mbao lenye kufuli. Siku yangu ya kwanza alinipa neli moja ya kioo, urefu wa kidole, akaniambia nikaioshe. Nikaosha, nikamrudishia. Akaiinua dirishani.

"Deo, hii neli umeiosha au umeibariki?"

"Nimeiosha, waitu," nilimjibu kwa neno letu la heshima kwa mkubwa.

"Umeibariki. Rudi."

Nilirudi bombani mara nne. Mara ya tano aliitazama, akaiweka kwenye kishikio bila neno. Nimepata barua nyingi za pongezi katika kazi hii, na hakuna iliyonifurahisha kama kile kimya.

Wiki hiyohiyo alifungua sanduku. Ndani mlikuwa na trei mbili za mbao, ya juu na ya chini, na vipande thelathini na viwili vya jiwe jeusi, kila kimoja kimeandikwa namba kwa rangi nyeupe. Kipande cha kwanza kilitoka juu kabisa ya mwamba, cha thelathini na mbili chini kabisa. Alikuwa amevichimba mwenyewe katika kisiwa kilicho karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, wakati wa masomo yake.

Alinieleza kwa subira, na mimi nawaeleza hivyohivyo, kwa sababu najua wako miongoni mwenu wanaosema wanaelewa. Zamani sana, kabla ya mtu yeyote, mahali kile kisiwa kilipo palikuwa bahari. Huko kwenye ncha jua huzama likakaa miezi, kisha huchomoza likakaa miezi. Bahari ya zama hizo haikuwa na barafu kama ya sasa. Mwanga uliporudi, mwani mdogo usioonekana kwa macho ulichipuka kwa mkupuo, ukajaa majini, ukafa, ukazama. Kule chini hapakuwa na oksijeni, kwa hiyo haukuoza. Ukalala ndani ya tope, tope likafunikwa na tope jingine, likawa jiwe. Jiwe la namna hiyo likizikwa kwa kina cha kutosha hupata joto, na ule mwani wa kale hugeuka mafuta ya petroli. Ndiyo maana huitwa mwamba mzazi. Swali la Ta Byabato lilikuwa hili: miamba ya bahari ile ya ncha, yenye nusu mwaka ya giza, ilikuwa mzazi mwenye uwezo au mzazi wa jina tu?

"Na sisi wa Bukoba inatuhusu nini?" nilimuuliza.

"Wewe unakula samaki?"

"Nakula."

"Ziwa lako lina vilindi visivyo na hewa, kama bahari ile. Tope linalolala kule chini leo ni mjukuu wa kile nilicholeta sandukuni. Nataka kumwona mjukuu na bibi yake kwenye meza moja."

Kipimo chetu kilikuwa rahisi. Unakwangua pembe ya jiwe, unasaga kwa kinu cha kaure mpaka unga uwe laini kama wa ulezi, unapima kwenye mizani, unautia kwenye neli kavu, unawasha moto chini yake. Kama jiwe lina kitu, matone hujitokeza kwenye kioo pale juu penye ubaridi. Kipande cha kwanza kupimwa kilikuwa namba nne, juu ya taa ya spiriti, kwa sababu hatukuwa na jiko la maana. Tuliinama wote wawili.

"Unaona nini?"

"Jasho."

"Basi andika jasho. Kiasi gani, rangi gani."

Niliandika: *Na. 4. Jasho kidogo, njano.* Ndilo neno langu la kwanza katika daftari la kituo. Limo hadi leo, ukurasa wa kumi na moja.

Halafu vita vikaja. Sitaviandika vyote, wapo walioviona kwa karibu kuliko mimi. Niliyoyaona ni ndege zilizotufanya tulale chini ya meza, na barabara iliyojaa watu waliobeba magodoro kutoka upande wa mto Kagera. Ta Byabato aliitwa kwenda kutafsiri ramani kwa watu wa jeshi. Alipoondoka alinipa ufunguo wa sanduku na maneno machache.

"Mizani wakichukua, nitanunua mingine. Mawe haya siwezi kuyarudia. Yafiche."

Nililibeba sanduku kwa baiskeli, nikisukuma, kutoka Hamugembe hadi kwetu Kanazi. Nilimkuta mama yangu akifanya walichofanya wote kijijini: kuzika mali. Kila kibanja kilikuwa na shimo chini ya migomba. Watu walizika cherehani, redio, mabati, hata vikombe vya harusi. Na hakuna aliyezika kitu kikavu. Chuma kilipakwa grisi na aliyekuwa nayo. Mama alikuwa na kibuyu cha samli ya ng'ombe wetu, na alikuwa akiipaka ngoma ya marehemu babu na lubugo, ile nguo ya gome la mti ambayo ukoo hauivai ila huitunza. Ngozi isipopakwa hupasuka, gome lisipopakwa huoza. Tangu utoto niliona hivyo: kitu cha thamani hupakwa kabla ya kuwekwa gizani.

"Hayo mawe ni ya nani?" mama aliuliza.

"Ya Ta Byabato. Yametoka mwisho wa dunia."

"Ni ya thamani?"

"Kuliko mizani."

"Sasa mbona unayazika makavu kama mihogo? Udongo una maji. Yatapasuka."

Na kweli yangepasuka. Jiwe la tope likilowa na kukauka hufumuka kama kitabu kilichonyeshewa. Nililijua hilo, na nilijiona mwerevu kulijua. Nikaketi chini ya mgomba, nikatoa kipande kimoja kimoja kwa kufuata namba, nikakipaka samli pande zote kwa kipande cha kitambaa, nikakirudisha mahali pake kwenye trei. Namba moja, mbili, tatu. Nilipomaliza kumi na tisa kibuyu kilikuwa kikavu, nikakikung'uta, hakikutoa kitu. Mama akasema, "Waliobaki wako chini, wamefunikwa na wenzao." Nikavifunga vilivyobaki kwa majani makavu ya mgomba, nikafukia.

Tulikimbilia Muleba kwa mjomba, tukarudi vita vilipopungua. Sanduku lilikuwa salama. Hakuna kipande kilichopasuka. Niliyafuta mawe kwa kitambaa safi, nikayarudisha Hamugembe, na Ta Byabato aliporudi, amekonda na ameanza kuvuta sigara, aliyagusa moja moja, kisha akanishika bega. Hakuniuliza niliyahifadhije. Nami sikuona la kueleza. Ni nani huelezea kwamba alifunika chungu?

Baada ya vita tulipata jiko la gesi na neli mpya, na kazi ikaanza kwa nguvu. Tulipima vipande vyote kwa kukwangua pembe, kidogokidogo, kwa sababu hakutaka vikatwe. Namba nne ilirudiwa. Niliandika: *Jasho jingi, kahawia.* Nilimwonyesha ukurasa wa kumi na moja.

"Ile ilikuwa taa ya spiriti," alisema. "Moto mdogo hauamshi kitu. Huu ni moto."

Ilikuwa sababu nzuri. Makosa mengi niliyoyaona katika maisha yangu yalikuwa na sababu nzuri.

Jambo jingine. Pua ya Ta Byabato ilikuwa imekufa kwa mvuke wa asidi tangu ujana wake, kwa hiyo kunusa ilikuwa kazi yangu. Kwa namba nne niliandika: *Harufu ya jikoni.* Alisoma, akacheka.

"Deo, jikoni si kipimo. Jikoni kwa nani? Andika kali, wastani, au hafifu. Msomaji wa kule kaskazini hajui jiko la mama yako."

Nilifuta kwa ufutio nikaandika *kali*. Kumi na nane nyingine nikaandika *kali* moja kwa moja, bila hata kujiuliza.

Miaka ile tulikwenda mara nyingi kisiwa cha Bumbire kuchukua tope la ziwa. Nahodha wetu alikuwa Magesa, Mjita aliyehamia kisiwani kuvua, mtu wa maneno. Tuliposhusha bomba letu la chuma lenye uzito na kulipandisha limejaa ute mweusi unaonuka mayai mabovu, wavuvi wa mitumbwi ya jirani walisogea kutazama.

"Wahaya hawa!" Magesa aliwapigia kelele. "Ndizi zimewaisha, sasa wamehamia tope! Dokta, hili mnakula na nini?"

"Na senene," Ta Byabato alijibu bila kuinua kichwa.

"Na chumvi je?"

"Chumvi iliisha baharini, huko kaskazini."

Magesa alicheka hadi akaachia kamba, na tope la saa nzima likarudi kwa mwenyewe ziwani. Ta Byabato alimtazama, akasema, "Sasa umelilisha ziwa. Zungusha mtumbwi." Nilimpenda kwa vile hakupiga kelele. Tulishusha tena.

Tope la Bumbire, tukilikausha na kulipima, lilionyesha utajiri. Bibi wa kaskazini naye akaonyesha utajiri, lakini tu katika tabaka za juu. Kutoka namba moja hadi kumi na tisa, jasho jingi. Kutoka ishirini kwenda chini, kidogo. Ta Byabato akajenga juu yake hoja nzuri: kwamba bahari ya ncha mwanzoni ilikuwa na hewa chini, kisha ghafla ikafungika, hewa ikaisha, na tope likawa mzazi mwenye nguvu. Alianza kuandika ripoti ya kutuma kwenye chuo alichosoma. Aliiandika kwa miaka, kwa sababu kila alipokuwa karibu kumaliza, alitilia shaka sentensi moja.

Katika miaka hiyohiyo ugonjwa ukaingia. Hapo mwanzo tuliuita Juliana, jina la kitambaa cha magendo, kana kwamba umekuja na wachuuzi na utaondoka nao. Haukuondoka. Kituo kilikuwa na watu saba. Tukabaki watatu, kisha wawili. Jumamosi ilikuwa siku ya kuzika kwa desturi, baadaye ikawa siku yoyote. Kule visiwani, Magesa alizika mke na kaka. Watu walikuwa wakisema "alikuwa na kifua," "alirogwa," "ni malaria iliyokaa." Siku moja Ta Byabato aliingia kituoni, akatundika koti, akasema kama mtu anayesoma kipimo:

"Nina ukimwi. Nimepimwa, wamenijibu. Nakuambia ili usihesabu siku zangu za ugonjwa kama uvivu."

Nilimtengenezea chai. Alipokunywa nusu, alisita kidogo na kuweka kikombe mbali na changu, kama walivyokuwa wakifanya watu wengine kwake. Nikachukua kikombe chake, nikamalizia chai. Hilo ndilo jibu nililoweza.

Kuanzia hapo alinifundisha kwa haraka zaidi. Alinipa vitabu vyake, vya Kiingereza, na kamusi. Nilikuwa nasoma kurasa mbili kwa siku, neno kwa neno, asubuhi kabla ya kufungua kituo. Nilijifunza kuchora takwimu kwenye karatasi ya miraba. Alipohamia nyumbani kwake karibu na mji wa Muleba, kulelewa na dada yake, Ma Leokadia, aliniachia kazi moja: kuchora mchoro wa mwisho wa ripoti. Matone kwa upande mmoja, namba za vipande kwa upande wa pili. "Ukimaliza niletee," alisema. "Nataka iondoke kabla yangu."

Nilichora. Mstari ulipanda juu na kukaa juu tangu namba moja, kisha kati ya kumi na tisa na ishirini ukaanguka kama mtu aliyekosa ngazi. Niliutazama. Nilijua kwamba bahari haibadiliki hivyo, kati ya tabaka moja na inayofuata, hata ikiamua. Hata trei hazikugawanyika pale. Trei ya juu iliishia kumi na sita. Kitu gani kingeishia kumi na tisa?

Niliona mkono wangu ukikung'uta kibuyu.

Sikulala chini, sikulia, wala sina maelezo ya kupendeza ya dakika ile. Nilikwenda rafuni, nikachukua namba nane, nikaisaga pembe, nikaigawa mara mbili. Nusu moja nikaiosha kwa klorofomu, dirisha likiwa wazi, mara tatu, kama kitabu kilivyosema: mafuta yaliyopakwa nje huyeyuka na kutoka, lakini mali ya mwani iliyofungwa ndani ya jiwe haiyeyuki, hubaki mpaka moto uiamshe. Nusu nyingine nikaiacha. Nikazichoma zote mbili. Isiyooshwa ilitoa jasho jingi, kahawia. Iliyooshwa ilitoa jasho kidogo, njano. Nikainusa ile isiyooshwa. Jikoni kwa mama, asubuhi ya Krismasi, samli ikiwa imeachwa motoni.

Kwa siku nne sikumwambia mtu. Nawaambieni ukweli kwa sababu wengine mtafika siku kama hizo. Nilijiambia kwamba mzee anakufa. Kwamba hiyo ripoti ndiyo pekee atakayoiacha, hana mtoto. Kwamba kosa ni langu na si lake, na likijulikana litabaki kwenye jina lake. Kwamba nikinyamaza atazikwa akiwa na furaha, na huko kaskazini labda hawatasoma. Zote zilikuwa sababu nzuri. Siku ya tano nilipanda basi la Muleba na daftari, mchoro, na neli mbili zilizofungwa kwa pamba.

Ma Leokadia alinikaribisha, akanipa kahawa ya kutafuna kwenye kile kikapu kidogo cha ukindu, akaninong'oneza, "Leo ameamka vizuri. Usimchoshe."

Ta Byabato alikuwa amekaa kitandani, mwembamba kama mche, ameshashika kalamu. Aliuangalia mchoro.

"Umechora vizuri. Mbona umekaa kama umekanyaga yai?"

"Waitu, kabla hujaupeleka nina la kukuambia. Wakati wa vita, nilipoficha mawe, niliyapaka samli."

Aliweka kalamu juu ya blanketi.

"Ili yasipasuke. Kama lubugo. Samli iliishia kumi na tisa."

Nikamwonyesha neli mbili. Akazishika mkononi dhidi ya mwanga wa dirisha, kama alivyoshika ile neli yangu ya kwanza. Nilisubiri aniambie nirudi bombani. Badala yake mabega yake yalianza kutikisika, na nilidhani ni homa. Alikuwa anacheka.

"Samli ya ng'ombe gani?"

"Wa kwetu. Yule mwekundu."

"Miaka kumi nimekuwa nikipima uwezo wa ng'ombe wa mama yako." Akacheka hadi akakohoa, na Ma Leokadia akaingia, akanitazama vibaya, akatoka. Kicheko kilipokwisha, uso wake ulibadilika, na nikaona kile nilichokiogopa kwa siku nne. Alifumba macho. Nje kuku walikuwa wakichakura chini ya migomba. Nilihesabu pumzi zake mpaka nikapoteza hesabu.

"Kweli ungeweza kunyamaza," alisema, macho bado yamefumbwa.

"Ningeweza."

"Ningekufa nikiwa mjinga, tena mwenye furaha." Akafungua macho. "Nipe daftari. Ukurasa wa namba nne, kipimo cha pili."

Nikamfungulia. Alisogeza kidole mpaka kwenye neno *kali*. Pale karatasi ilikuwa imekwaruzika kwa ufutio, na chini yake, ukiinamisha daftari, bado ungeweza kuona herufi za zamani.

"Hapa uliandika jikoni."

"Ndiyo, waitu."

"Wewe ulipaka kwa sababu ya kujali. Mimi nilikufutisha kwa sababu ya kujua. Kosa lako ni dogo, mwana wange." Akachukua kalamu. Alipitisha mstari mmoja tu juu ya *kali*, ili lisomeke, akaandika juu yake *harufu ya jikoni*, akatia sahihi na tarehe. Ilimchukua muda kama wa kula chakula. "Usifute tena kitu kwenye daftari lolote. Piga mstari. Sasa kata mawe."

"Ulisema yasikatwe."

"Nilisema hivyo nilipodhani nina wakati. Kata, chukua unga wa katikati, uoshe, uchome. Vyote." Akafikiri. "Kasoro namba saba. Namba saba iache ilivyo, na samli yake. Tusipoiacha watasema tumetunga hadithi. Na watu wapya wainuse."

Nilifanya kazi wiki tatu, peke yangu, nikiosha neli kama siku ile ya kwanza. Jibu lilikuwa hili: vipande vyote nilivyokata, kutoka juu hadi chini, vilitoa jasho kidogo la njano, karibu sawa. Bahari ile ya ncha haikufungika ghafla. Ilikuwa mzazi wa uwezo wa wastani, mtulivu, kwa muda mrefu sana. Na taa ya spiriti ya siku zangu za kwanza ilikuwa imesema kweli. Ukurasa wa kumi na moja haukuhitaji mstari.

Nilimpelekea. Aliandika upya ripoti, yeye akisema na mimi nikiandika. Kurasa arobaini zikawa tisa. Katika ukurasa wa pili alitaka iandikwe wazi kwamba vipande kumi na tisa vilipakwa samli wakati wa vita ili vihifadhiwe, na jinsi tulivyogundua. Nilimwomba aliondoe jina langu pale. Alikubali, kisha akaliweka kwenye jalada, pamoja na lake. Nilipinga, nikamwambia mimi nina darasa la saba. "Na mimi nina homa," akajibu. "Andika."

Bahasha iliondoka kwa posta ya Bukoba siku ya Jumatatu. Alifariki Alhamisi ya wiki iliyofuata. Tulimzika katika kibanja chake, chini ya migomba, kama desturi. Magesa alivuka kutoka Bumbire na samaki wawili wakubwa kwa ajili ya wafiwa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakutania. Kaburini alisema tu, "Dokta, nililiachia lile tope. Samahani."

Miezi mingi baadaye kulikuja barua fupi kutoka chuo kile. Waliandika kwamba walikuwa na vipande vya mwamba uleule, walivipima tena wakafika pale tulipofika, na kwamba ukurasa wa pili wanausomesha kwa wanafunzi wao wa mwaka wa kwanza. Niliisoma barua nikiwa nimesimama karibu na bomba. Ma Leokadia nilimpelekea nakala, akaiweka ndani ya Biblia.

Nimekaa kituoni miaka mingi tangu hapo. Nimewaona wengi wenu mkifika na vyeti vikubwa kuliko vyangu, na nimewapa wote neli ile ile moja mkaioshe. Nawashukuru kwa uvumilivu wenu. Namshukuru mama, aliyekwisha kupumzika, kwa samli yake, ambayo ilitupotosha kwa miaka kumi na ikayahifadhi mawe pia. Hakuna kipande kilichopasuka. Namshukuru Ta Byabato kwa mstari mmoja wa kalamu.

Chupa iliyo rafu ya tatu ni namba saba. Harufu yake imebaki kidogo sana, na aliyeandika "hakuna" hakukosea. Endeleeni kuwanusisha wageni. Wakiandika chochote, hata kama ni neno lisilo la kitaalamu, liacheni lilivyo.

Hasa yule wa "panya." Nilirudi baadaye kuinusa. Kwa kweli kulikuwa na panya.